Barua ya wazi kwa wanaoshika funguo za maabara za patholojia

Kwa:
Waziri wa Afya,
Mganga Mkuu wa Serikali,
Wakurugenzi na Waganga Wafawidhi wa hospitali za Dar es Salaam zenye maabara za patholojia,
Wajumbe wa kamati za maadili ya utafiti.

YAH: OMBI LA UTARATIBU MMOJA WA KUPATA TAARIFA NA SAMPULI ZA PATHOLOJIA KWA AJILI YA UTAFITI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni daktari wa patholojia hapa Dar es Salaam. Mgonjwa akiambiwa "tunakukata kinyama kipelekwe kupimwa", kinyama hicho huishia kwenye darubini ya mtu kama mimi. Nawaandikia hadharani kwa sababu barua za kupitia masjala tumeziandika, mimi na wenzangu, na nyingi hazikupata ndiyo wala hapana. Ombi langu ni moja na halihitaji jengo jipya wala mtambo: uwepo utaratibu unaojulikana, wenye muda maalumu wa kujibu, wa mtafiti kuomba taarifa na sampuli za patholojia zilizokwisha kutumika kumtibu mgonjwa. Na utaratibu huo umlinde mwenye kinyama kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa wasiojua kilichomo kwenye makabati yetu, naomba nieleze kidogo. Kinyama kikifika maabara kikiwa kwenye formalini, yaani dawa ya kukizuia kisioze, huwekwa kwenye kikasha cha plastiki, kikapitishwa kwenye alkoholi na zailini, kisha kikazamishwa kwenye nta ya moto mpaka kigandie humo. Hiyo ndiyo bloku. Namba yake huandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino wa kawaida hufutwa na dawa hizo. Kutoka kwenye bloku tunachana utando wa unene wa mikroni tatu hadi tano (mikroni ni milimita moja ikigawanywa mara elfu), tunaubandika kwenye kioo, tunautia rangi, tunausoma na kuandika majibu. Bloku hubaki karibu nzima. Hurudishwa kabatini na kukaa humo miaka kumi, ishirini au zaidi, ikiwa imebeba chembe za mgonjwa, vinasaba vyake, na wakati mwingine vinasaba vya kirusi kilichomletea ugonjwa.

Bloku moja ya namna hiyo ilikaa Kinshasa tangu mwaka 1960. Ilitoka kwenye tezi ya mwanamke mmoja, enzi hizo mji ukiitwa Léopoldville. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya kuichunguza: waliikuta ina virusi vya UKIMWI, na kwa kulinganisha vinasaba vyake na vya sampuli nyingine waliweza kukadiria kwamba kirusi kilianza kusambaa kati ya binadamu mwanzoni mwa karne ya 20, karibu na mwaka 1908. Mtu aliyeipanga bloku ile kabatini hakuwa na habari ya UKIMWI, maana ugonjwa wenyewe haukuwa umejulikana. Alichofanya ni kuandika namba vizuri na kuitunza. Kila ninapoingia kwenye stoo ya bloku hapa mjini namfikiria mtu yule, kwa sababu hatujui leo ni swali gani ambalo vijana wetu watakuja kuliuliza kwenye makabati haya.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 1983 kundi la Harald zur Hausen nchini Ujerumani lilitangaza kukipata kirusi cha HPV aina ya 16 kwenye saratani ya mlango wa kizazi. Vinyama walivyopima vilitoka Ujerumani, Brazil na Kenya. Kutokana na kazi ya aina hiyo chanjo ikatengenezwa, na tangu mwaka 2018 binti wa Temeke au Mbagala anachanjwa akiwa shuleni. Chanjo ile ina deni kwa wanawake ambao vinyama vyao vilitunzwa na kupimwa, wakiwemo wa jirani zetu wa Kenya.

Sasa nije kwetu. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, ya mwaka 2020 yaliiweka Tanzania kwenye wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka na vifo zaidi ya 26,000. Ni makadirio, kwa sababu rejesta zetu za wagonjwa wa saratani hazijafunika nchi nzima. Kati ya saratani hizo ipo ya koo la chakula, ambayo inasumbua ukanda wa mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, kuliko sehemu nyingi za dunia. Tunawaona watu wa miaka thelathini na kitu, arobaini na kitu, wamekonda, hawamezi hata uji. Ndugu wanauliza: daktari, kimesababishwa na nini? Zinatajwa chai ya moto sana, moshi wa kuni, pombe za kienyeji, upungufu wa lishe. IARC mwaka 2016 iliweka vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo. Lakini kwa mgonjwa wetu huyu, kwa nini yeye, kwa nini mapema hivi, jibu kamili hatuna. Sehemu ya jibu iko kwenye bloku zilizolala Upanga, Ocean Road na kwingineko mjini.

Bloku peke yake haitoshi, na hapa naomba wahusika wa hospitali mnisikilize kwa makini. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto ambao leo una jina lake. Hakuishia kwenye darubini. Aliuliza watoto wanatoka wapi, akatuma maswali kwenye hospitali nyingi za Afrika, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 kutoka Uganda kwenda kusini, wakapita Tanganyika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ikaonekana kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, yaani maeneo yenye malaria. Ugunduzi ule ulitegemea kitu kimoja rahisi: anwani ya mgonjwa.

Fungueni leo fomu yoyote ya kuombea kipimo cha histolojia, yaani cha kinyama kwa darubini, inayofika maabara. Nafasi ya umri imeandikwa "mtu mzima". Nafasi ya makazi imeandikwa "Dar", na huyo mtu ametoka Kigoma juzi, amefikia kwa shemeji yake Tandale. Maelezo ya ugonjwa: "uvimbe". Uvimbe wa wapi, wa muda gani, umeshatibiwa kwa dawa gani, hakuna. Saa kilipokatwa kinyama haipo, saa kilipotiwa formalini haipo. Hiyo saa ina maana kubwa. Kwa saratani ya matiti, kipimo cha vipokezi vya homoni, kinachosaidia kuchagua dawa, kinataka kinyama kiwe kimekaa kwenye formalini si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Kilichokatwa Ijumaa mchana na kufika kwetu Jumanne, kikiwa kwenye chupa ya mdomo mwembamba ambayo ndugu wa mgonjwa ametafutiwa haraka haraka na kuja nayo kwenye daladala, kinaweza kutoa jibu lisilo la kweli. Mama yule anaweza kunyimwa dawa iliyokuwa imfae. Kwa hiyo ninapoomba taarifa zijazwe, siwaombei watafiti upendeleo. Fomu inayomfaa mtafiti kesho ndiyo hiyo hiyo inayomfaa mgonjwa leo.

Nieleze sasa yanayotokea mtu anapoomba.

Mwanafunzi wa uzamili ana kibali cha kamati ya maadili. Ana barua ya utambulisho kutoka chuoni. Anaipeleka hospitali, inagongwa mhuri wa kupokelewa, anaambiwa aache namba ya simu. Hapigiwi. Akirudi, barua imepelekwa kwa mkurugenzi. Mkurugenzi ameishusha kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara anauliza kama kitengo cha sheria kimeiona. Kitengo cha sheria kinauliza kama kuna utaratibu. Utaratibu haupo. Barua inakaa. Muda wa masomo unaisha, kijana anabadilisha mada, anaandika jambo lisilohitaji bloku. Nimewasimamia vijana wenye akili nzuri waliofanya hivyo, na swali walilokuja nalo mpaka leo halijajibiwa na mtu mwingine.

Mwingine anapata, kwa kuwa anamfahamu mtu. Anaingia stoo, anachukua bloku kadhaa, daftari halijazwi, na bloku hazirudi zote. Hili linaniumiza kuliko lile la kwanza. Mgonjwa saratani ikirudi, tunahitaji ile bloku yake ya zamani kulinganisha, nasi tunakuta nafasi tupu.

Simlaumu ofisa anayenyamaza. Hakuna mwongozo unaomwambia akitoa atoe vipi, na akikosea ataulizwa yeye. Akinyamaza haulizwi. Ninyi mnaweza kumtoa kwenye hali hiyo kwa waraka mmoja.

Sheria za kusimamia jambo hili tunazo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979 na inatoa vibali vya maadili. Ipo sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inazitambua taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kinachokosekana ni daraja kati ya sheria hizi na dirisha la maabara, pale ambapo mtu mwenye kibali anasimama na mtunza bloku hajui afanye nini.

Wananchi nao wana hofu, na hofu yao naiheshimu. Babu na bibi zetu katika pwani hii walisimuliana habari za mumiani wanaonyonya watu damu ili wakatengeneze dawa. Mtu aliyekulia kwenye simulizi hizo akisikia kinyama cha mama yake kimekaa kabatini miaka kumi na tano na leo kinapimwa na watu asiowajua, ana haki ya kushtuka. Wengine imani yao inawataka sehemu ya mwili izikwe. Na historia ya udaktari duniani haijawa safi. Mwaka 1951 chembe za Henrietta Lacks zilichukuliwa kwenye hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, bila yeye kuulizwa. Zikakuzwa, zikauzwa dunia nzima, na ilikuwa mwaka 2023 ndipo familia yake ilipofikia maelewano na kampuni moja iliyokuwa ikinufaika nazo. Huko Liverpool, mwaka 1999, wazazi waligundua kwamba hospitali ya Alder Hey ilikuwa imehifadhi viungo vya watoto wao waliokufa bila ridhaa yao. Uingereza ikatunga sheria ya tishu za binadamu mwaka 2004, ikiweka ridhaa kuwa msingi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloliomba ni ridhaa, tena iombwe mapema, siku ya kukatwa kinyama, kwa Kiswahili ambacho mama wa Mbagala anakielewa. Iandikwe kwenye karatasi ile ile ya ridhaa ya upasuaji: baada ya vipimo vyako kukamilika, kipande kitakachobaki kitatunzwa, je, unaruhusu kitumike kwenye utafiti bila jina lako? Ndiyo au hapana, na ukisema hapana matibabu yako hayabadiliki hata kidogo. Muuguzi au daktari asimame amweleze, asimsukumie tu kalamu. Nina imani wengi watakubali. Wagonjwa huniuliza wenyewe kama ugonjwa wao utawasaidia wengine. Kwa bloku za zamani ambazo wenyewe hawapatikani tena, kamati ya maadili ndiyo iamue kila ombi kwa uzito wake, na isiogope kukataa.

Kukataa ni haki. Ninachopinga ni ukimya. Kila hospitali yenye maabara ya patholojia iwe na mlango mmoja wa kupokea maombi haya, fomu moja, na muda wa kujibu usiozidi siku 30 za kazi. Ombi likikataliwa, sababu iandikwe, ili mtu arekebishe au aende kwingine. Gharama za kutafuta, kuchana na kurudisha zipangwe bei moja inayobandikwa ukutani, zilipwe serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, zisipitie mkononi mwa mtu.

Bloku isitoke. Mtafiti apewe tando zilizochanwa, ambazo kwa vipimo vingi zinatosha, na daktari wa patholojia athibitishe kwa sahihi kwamba kilichobaki kinamtosha mgonjwa akihitaji kipimo kingine. Bloku ya mwisho ya mgonjwa aliye hai isiguswe kwa ajili ya utafiti wa mtu yeyote, awe profesa wa hapa au wa ng'ambo. Majina yaondolewe na mfanyakazi wa maabara asiyehusika na utafiti huo, na daftari linalounganisha jina na namba mpya libaki hospitali, chini ya ufunguo. Asitosheke na kufuta jina tu. Mtu wa kijiji kidogo, mwenye ugonjwa adimu, umri na tarehe yake vikiandikwa anajulikana hata jina lake lisipokuwepo.

Kuhusu sampuli kwenda nje, msimamo wangu ni huu. Desemba 1963 kinyama cha mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt kilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda kwenda kwa mtafiti Anthony Epstein, London. Ndege ikakwama kwa ukungu, ikatua Manchester, na kinyama kilipofika maji yake hayakuwa maangavu tena. Epstein akaangalia kwa darubini, akakuta chembe hai zinaelea, akazikuza, na mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza kirusi kipya. Kinaitwa Epstein-Barr. Ni kazi kubwa, na siidharau hata kidogo. Lakini jina la mtoto yule hatulijui, na maabara iliyofanya ugunduzi haikuwa ya Afrika Mashariki. Leo tuna wataalamu na darubini hapa hapa, na vyuo vinafundisha. Sampuli ikilazimika kwenda nje iende kwa mkataba wa uhamishaji ulioidhinishwa, ikitajwa itapimwa nini, kinachobaki kitarudi lini, Mtanzania gani anakwenda kujifunza kipimo hicho, na matokeo yatarudije kwa daktari aliyemkata mgonjwa. Makabati yakiendelea kufungwa kwa watafiti wa nyumbani, mgeni mwenye fedha na subira ndiye pekee atakayeyafungua, na sidhani kuna kati yenu anayelitaka hilo.

Halafu kuna utunzaji. Nimeona maboksi ya bloku yamewekwa sakafuni, kwenye chumba kinachovuja masika. Panya na mende hula nta. Namba za penseli zinafifia, rejesta za karatasi zinachanika kurasa, vioo vinaota ukungu kwa unyevu wa pwani. Mabara mengine wanatunza: Chuo cha Wanapatholojia cha Marekani kinazitaka maabara zake zitunze bloku angalau miaka 10. Hapa tunahitaji rafu za chuma, chumba kikavu, dawa ya wadudu, kompyuta moja na mtu mmoja mwenye ajira ya kudumu ambaye kazi yake ni kutunza kumbukumbu hizo. Kampala walianza rejesta yao ya saratani mwaka 1951, ndani ya idara ya patholojia ya Makerere, na mpaka leo dunia inaitumia kuelewa saratani ya Afrika. Walianza kwa kuandika vizuri yaliyokuwa mbele yao.

Mnaweza kuanza na hospitali moja. Chagueni mnayoitaka, mpeni mkurugenzi wake waraka, wekeni karatasi mpya ya ridhaa kwenye wodi za upasuaji, muda wa majaribio uwe mwaka mmoja, na maombi yote yaliyopokelewa, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa yachapishwe bila majina. Sisi wa maabara tutaandika rasimu ya fomu na ya mwongozo bila malipo, na tutakuja mbele ya kamati yoyote mtakayoiteua, Dodoma au hapa Dar es Salaam, kujibu maswali ya wanasheria wenu. Wagonjwa na ndugu zao wawemo kwenye kamati hiyo, kwa sababu vinyama ni vyao.

Nakala ya barua hii imepelekwa masjala ya Wizara. Naomba jibu kwa maandishi, hata likiwa la kukataa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Daktari wa patholojia,
Upanga, Dar es Salaam